Jinsi ya kuendesha karatasi za kikao cha baraza la mji, kuanzia lalamiko la mkazi hadi azimio lililotekelezwa

Mkazi akilalamika kwamba mtaro wa mtaani kwake umeziba, kuna safari ndefu ya karatasi kati ya lalamiko hilo na kibarua mwenye koleo. Lalamiko linapita kwa mkuu wa idara, linaingia kwenye kamati, linapanda barazani, linakuwa azimio, kisha linarudi idarani likiwa na tarehe na kifungu cha fedha. Likipotea mahali popote njiani, mtaro unabaki umeziba na mkazi anaamini hakuna aliyemsikiliza. Anayelishika mkono njia nzima ni karani wa vikao, na mwongozo huu nimemwandikia yeye: anayeanza kazi katika mji ulio kando ya jiji kubwa, wenye madiwani wachache, watumishi wachache na mambo mengi.

Hatua ya 1: Uliza kwanza jambo ni la nani

Miji ya pembezoni ina tatizo lake. Barabara kuu inayokatiza katikati ya mji mara nyingi ni ya mamlaka ya juu. Bomba la maji ni la shirika jingine. Hata gari la taka huenda ni la mkandarasi. Lakewood, pembezoni mwa Los Angeles, ilipopata hadhi ya mji mwaka 1954 ilinunua huduma zake nyingi kwa mkataba kutoka kwa kaunti, polisi wakiwamo, na miji mingi ikaiga utaratibu huo. Kwa hiyo jambo likifika mezani kwako, usikimbilie kuliweka kwenye ajenda. Liweke kwenye fungu mojawapo kati ya haya: la kwetu na mtumishi anaweza kulimaliza bila kikao, la kwetu lakini linahitaji uamuzi wa baraza, la mkandarasi wetu, la mamlaka nyingine.

Fungu la kwanza ndilo kubwa kuliko yote. Taa moja iliyoungua haihitaji madiwani, inahitaji fundi. Ukilipeleka barazani unapoteza wiki kadhaa na unawazoesha wakuu wa idara kusubiri ruhusa wasiyoihitaji. Fungu la mwisho nalo lisitupwe kapuni. Baraza halina amri juu ya mamlaka nyingine, lakini linaweza kuazimia barua rasmi iandikwe, na barua yenye azimio la baraza nyuma yake ina uzito kuliko simu ya afisa mmoja.

Kila lalamiko lipe namba siku linapoingia, hata kama limekuja kwa mdomo. Andika mahali, tarehe na nani amekabidhiwa. Namba hiyo utaihitaji hadi hatua ya mwisho.

Hatua ya 2: Andika ajenda inayosema kitakachoamuliwa

Ajenda nyingi huandikwa hivi: "Suala la mitaro." Mkazi anayeisoma hajui kama mitaro itachimbwa, itafukiwa au itatozwa ada. Diwani naye hajui ajiandae kwa lipi. Andika hivi: "Kupokea taarifa ya hali ya mitaro na kuidhinisha matengenezo ya mtaro wa barabara ya shule." Kila kipengele kianze na kitenzi: kupokea, kuidhinisha, kukataa, kuteua, kurekebisha. Ukikosa kitenzi cha kuweka, jambo halijaiva. Lirudishe idarani.

Mpangilio wa kawaida unafaa: kufungua kikao, udhuru, kutamka maslahi, kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita, yatokanayo (yaani utekelezaji wa maazimio yaliyopita), taarifa za kamati, mambo mapya, kufunga. Mambo ya kawaida yasiyo na ubishi, kama kupokea taarifa ya mwezi au kuhuisha mkataba ulio ndani ya bajeti, yakusanye kwenye fungu moja yapitishwe kwa kura moja. Diwani yeyote anayetaka kulijadili jambo mojawapo aombe litolewe kwenye fungu, nalo litolewe bila mjadala. Muda unaookolewa hapo uende kwenye yale mawili au matatu yaliyo mazito.

Kipengele cha "Mengineyo" nakipinga waziwazi. Ndipo mambo makubwa yanapopenyezwa saa nne usiku, wananchi wameshaondoka. Kama kanuni za kudumu za baraza lako zinakiruhusu, kibane kiwe cha matangazo tu. California ina sheria ya vikao vya wazi ya mwaka 1953, iitwayo Brown Act, inayotaka ajenda ya kikao cha kawaida ibandikwe saa 72 kabla na ile ya kikao maalumu saa 24 kabla, na kwa kawaida baraza haliruhusiwi kuamua jambo ambalo halikuwamo kwenye ajenda hiyo. Hata kama sheria ya kwenu haisemi hivyo, nidhamu hiyo ni njema kuifuata.

Hatua ya 3: Toa kabrasha mapema

Kabrasha ni fungu la taarifa zinazoambatana na ajenda. Sheria ya Uingereza hudai siku tano kamili kati ya notisi na kikao cha baraza la wilaya au la kaunti, na neno "kamili" lina maana yake: siku ya kutoa notisi haihesabiwi, wala siku ya kikao. Soma sheria yako kwa jicho hilohilo, kwa sababu notisi iliyopungua siku moja yaweza kuubomoa uamuzi mzuri mbele ya mahakama. Mimi hupanga kalenda kwa kurudi nyuma: tarehe ya kikao, tarehe ya kubandika, tarehe ya mkurugenzi kupitia, tarehe ya mwisho ya idara kuleta taarifa. Hiyo ya mwisho ndiyo ya kuilinda kuliko zote. Idara ikichelewa, jambo lake lisubiri kikao kijacho.

Taarifa ya idara isizidi kurasa mbili, mbali na viambatisho. Ijibu: kuna nini, sheria inasemaje, gharama ni kiasi gani na inatoka kifungu gani, njia mbadala ni zipi, na idara inapendekeza nini. Taarifa isiyo na kifungu cha fedha usiipokee. Baraza likiidhinisha kazi bila fedha, linakuwa limewaahidi watu kitu ambacho mweka hazina hawezi kukilipia, na lawama itawaangukia watumishi wa chini kabisa.

Bandika ajenda na kabrasha kwenye ubao wa matangazo na kwenye tovuti ya mji kwa wakati mmoja. Kabla ya kubandika, ondoa namba za simu, namba za vitambulisho na anwani za majumbani za walalamikaji. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 na Tanzania ya mwaka 2022. Kiambatisho kimoja kilichoskaniwa kwa haraka kinatosha kukuingiza matatani, na kibaya zaidi, kinamfanya mlalamikaji aogope kurudi.

Neno moja kuhusu kundi la WhatsApp la madiwani. Litumike kutangaza muda na mahali. Madiwani wakianza kubishana humo juu ya jambo lililo kwenye ajenda na wakakubaliana, kikao kimeshafanyika bila wananchi. Wakumbushe kwa heshima, kwa maandishi, na mwombe mwenyekiti alisemee.

Hatua ya 4: Siku ya kikao, hesabu watu kila wakati

Ukumbi, vipaza sauti, maji na viti vya wananchi viwe tayari nusu saa kabla. Hapo sina la kuongeza.

Akidi, yaani idadi ya chini ya wajumbe wanaotakiwa kuwapo ili kikao kiwe halali, ndiyo yenye mambo. Kila baraza lina kiwango chake: kwa mabaraza ya wilaya na kaunti ya Uingereza chini ya sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1972 ni robo ya wajumbe, ilhali kwingi kwingine ni zaidi ya nusu. Kosa la makarani wengi ni kuhesabu mara moja, mwanzoni. Diwani akitoka, andika saa aliyotoka. Akirudi, andika saa aliyorudi. Kama idadi inashuka hadi ukingoni mwa akidi, mwandikie mwenyekiti kikaratasi kabla kura haijapigwa: "Mheshimiwa, akitoka mmoja zaidi hatuna akidi." Kura iliyopigwa bila akidi ni hewa.

Kwenye kutamka maslahi, usitosheke na ukimya. Mwombe mwenyekiti aulize kwa sauti, kisha andika jina, kipengele na aina ya maslahi: diwani ni mmiliki wa kiwanja kinachojadiliwa, au mwombaji zabuni ni ndugu yake. Kama kanuni zinamtaka atoke ukumbini, andika kwamba alitoka na saa aliyotoka. Mstari huo mmoja ndio utakaomkinga yeye na baraza zima jambo likihojiwa baadaye.

Wananchi wakipewa nafasi ya kusema, weka muda sawa kwa wote, dakika tatu kwa mfano, na saa inayoonekana na kila mtu. Anayezungumza kwa unyonge asinyimwe sekunde zake, wala mwenye sauti kubwa asiongezewe.

Hatua ya 5: Nasa azimio kabla mwenyekiti hajapita

Hii ndiyo hatua iliyobeba kazi yote, kwa hiyo nitakaa hapa. Mjadala umekwenda nusu saa, watu wamekubaliana kwa kutikisa vichwa, mwenyekiti anasema, "Basi, lishughulikiwe. Twende kipengele kinachofuata." Hapo inua mkono. Sema, "Mheshimiwa mwenyekiti, naomba nisome azimio kama nilivyoliandika." Kisha soma polepole.

Tazama maandishi haya mawili ya jambo moja:

"Baraza lilijadili kwa kina suala la taa za barabarani na kuagiza lishughulikiwe haraka."

"Azimio la 14: Baraza limeidhinisha kubadilishwa kwa taa saba zilizoungua kati ya makutano ya soko na lango la zahanati, kwa fedha za kifungu cha matengenezo ya barabara, kazi ikamilike ifikapo tarehe 30 mwezi huu. Mhusika: Mhandisi wa Mji. Taarifa iletwe kikao kijacho. Mtoa hoja na aliyeunga mkono wametajwa. Waliokubali 9, waliokataa 2, ambao hawakupiga kura 1."

La kwanza halimfungi mtu yeyote. Nani aanze? Lini? Taa zipi? Mhandisi atasema hakuambiwa, na atakuwa mkweli. La pili lina kitu, mahali, fedha, mtu, tarehe na kura. Ukilisoma kwa sauti na kukuta pengo, uliza palepale: "Mhusika ni nani, Mheshimiwa?" Mwanzoni madiwani wataona unawachelewesha. Vumilia. Wakishazoea, wataanza kutoa hoja zao zikiwa na mhusika na tarehe bila kuulizwa.

Jihadhari na neno "haraka". Halina tarehe. Na "wahusika" kwa wingi ni hatari zaidi, maana kila mmoja hudhani mwenzake ameshaanza. Hata kazi ikigusa idara tatu, taja mtu mmoja wa kujibu.

Kinasa sauti ni cha kukusaidia kuhakiki, hakiwezi kuandika badala yako.

Hatua ya 6: Andika muhtasari ndani ya siku mbili

Andika kilichotendwa zaidi ya kilichosemwa. Kanuni hiyo ni kongwe. Mhandisi wa jeshi la Marekani, Henry Martyn Robert, aliyechapisha kanuni zake za mikutano mwaka 1876, aliisisitiza. Kwa baraza la mji naongeza kitu kimoja: sababu kuu za uamuzi, sentensi mbili tatu, hasa baraza linapokataa ombi la mkazi, kwa mfano kibali cha ujenzi. Aliyekataliwa ana haki ya kujua kwa nini, na akikata rufaa, sababu ndizo zitakazosomwa. "Fulani alisema, fulani akajibu" iache, isipokuwa diwani ameomba maneno yake yaingizwe na kanuni zinaruhusu.

Rasimu ipitie kwa mwenyekiti kwa ajili ya makosa ya majina na takwimu tu. Akitaka kubadilisha azimio lenyewe, mkumbushe kwa upole kwamba lilisomwa mbele ya wajumbe na wenye mamlaka ya kulibadili ni wao, kikaoni. Marekebisho yanayokubaliwa wakati wa kuthibitisha yaandikwe kwenye muhtasari wa kikao hicho kipya. Wa zamani usiufute kimyakimya.

Hatua ya 7: Toa dondoo na ufungue rejista

Usimtumie mkuu wa idara muhtasari wa kurasa kumi na mbili ukitarajia atafute kazi yake humo. Mtumie dondoo: azimio lake peke yake, tarehe yake na namba ya lile lalamiko la mwanzo. Afanye sahihi ya kupokea.

Kisha ingiza kila azimio kwenye rejista. Daftari linatosha, jedwali la kompyuta ni bora. Safu zake: namba, azimio, mhusika, tarehe ya mwisho, hali, na ushahidi. Safu ya ushahidi ndiyo inayotofautisha rejista hai na pambo. "Imetekelezwa" bila picha, hati ya malipo au sahihi ya mkaguzi usiiandike. Kwa mtaro, mimi hutaka picha iliyopigwa baada ya mvua, kwa sababu mtaro mkavu kila mara unaonekana mzima.

Wiki moja kabla ya kikao kijacho, zungukia wahusika ana kwa ana, halafu toa orodha ya yatokanayo kutoka kwenye rejista hiyo. Azimio ambalo halijatekelezwa liorodheshwe na tarehe yake ya kwanza, hata kama limeongezewa muda mara kadhaa, ili baraza lione limekaa kiasi gani. Likishatekelezwa, mjulishe mkazi aliyelalamika kabla hujalifunga kwenye rejista. Akikuambia maji bado yanatuama mlangoni kwake, rudisha hali kuwa "inaendelea" na umpigie mhandisi siku hiyohiyo.