SOMO: Kutembea Harar kwa miguu. Hatua ya saa isomeni mara mbili

Tangu nirudi kutoka Ethiopia na kuwaonyesha wenzangu wa kundi la watembezi wa Nakuru picha za kuta za mji wa Harar, nimejibu maswali yale yale hadi vidole vimechoka. Naandika yote hapa mara moja. Someni mpaka mwisho ndipo muulize.

Hatua ya 1. Pasipoti iwe imebakiza zaidi ya miezi sita kabla ya kuisha. Mkenya haombi viza ya Ethiopia. Beba kadi ya njano ya chanjo.

Hatua ya 2. Ndege Nairobi hadi Addis Ababa, kisha nyingine hadi Dire Dawa. Basi la Addis hadi Harar lipo, ila ni safari ya kutwa. Uliza hali ya usalama wa barabara wiki ile ile unayosafiri. Habari za mwezi uliopita hazikusaidii.

Hatua ya 3. Dire Dawa hadi Harar ni kilomita hamsini na kitu, kwa basi dogo linaloondoka likijaa, kama matatu zetu. Dire Dawa iko karibu mita 1,200, na joto lake ni la Kisumu kabisa. Harar iko mita 1,885, karibu sawa na Nakuru. Mtu wa Nakuru hatatweta kule, lakini jioni atataka sweta.

Hatua ya 4. Lala ndani ya ukuta unaozunguka mji mkongwe, kwenye nyumba ya Waharari inayopokea wageni. Mji mpya nje ya ukuta una vyumba pia, ila utakosa adhana ya alfajiri ikianzia msikiti mmoja na kudakwa na mwingine. Humo ndani misikiti ni 82.

Hatua ya 5: SAA. Hapa nilikosea, nikalipia kosa.

Waethiopia wanahesabu saa kama sisi Waswahili. Jua likichomoza ni saa kumi na mbili, inafuata saa moja. Ukienda na Kiswahili chako kichwani hutapata shida. Shida ni Kiingereza. Dereva aliyekuwa anipeleke Dire Dawa aliniambia kwa Kiingereza kwamba tunaondoka saa 11, akaandika "11" nyuma ya risiti. Kwa kuwa alisema Kiingereza, nami nikahesabu Kiingereza: nikaelewa saa tano asubuhi. Yeye alimaanisha saa kumi na moja alfajiri, ile ile ninayoamkia kila siku nyumbani. Nilifika stendi saa nne na nusu na begi mgongoni. Mama muuza kahawa aliitazama ile risiti, akanionyesha nafasi tupu lilipokuwa gari, akaanza kunihesabia kwa vidole kutoka mawio. Ndege ikaniacha, nikakata tiketi nyingine.

Kwa hiyo shikeni haya. Mtu wa mtaani akikutajia saa, hata kwa Kiingereza, ichukulie kuwa ni saa ya Kiswahili, kisha mwulize: asubuhi au jioni? Kwa Kiamhari ni tewat na mata. Tiketi ya ndege inafuata saa za kimataifa, hiyo isome kama kawaida. Na tarehe pia ina mtego: kalenda yao ina miezi 13, mwaka mpya huanza Septemba, na hesabu ya miaka iko nyuma ya yetu kwa saba au minane. Risiti ya basi ikiandikwa kwa kalenda yao, mwombe karani akutajie siku ya juma. Jumanne ni Jumanne kwao na kwetu.

Hatua ya 6. Sasa tembea. Mji mkongwe unaitwa Jugol. Ukuta wake ulijengwa karne ya 16 na Emir Nur, na ukapewa malango matano. Lango la magari liliongezwa baadaye sana. Ingia kwa hilo la magari, fuata barabara moja kwa moja hadi uwanja wa Feres Magala. Feres ni farasi, jina lenyewe unalisikia. Kuanzia hapo weka simu mfukoni. Vichochoro ni zaidi ya 300 ndani ya eneo ambalo unalivuka kwa robo saa, na vingine ni vyembamba hivi kwamba ukikutana na punda mwenye kuni lazima mmoja arudi nyuma. Mji umekaa mteremkoni: ukishuka utafika ukutani, ukipanda utarudi Feres Magala.

Kuta za vichochoroni ni za mawe yaliyopakwa chokaa: kijani, samawati, waridi, zambarau. Wanawake huzipaka upya Ramadhani inapokaribia na nyumba inapokuwa na harusi. Nilikuta ukuta mmoja umebanduka upana wa kiganja, na ndani yake nikahesabu rangi sita zilizolaliana, ya chini kabisa manjano. Nilisimama pale muda mrefu kuliko penginepo pote Harar.

Hatua ya 7. Piga ukuta picha upendavyo. Mtu, omba ruhusa kwanza. Mwanamke akigeuza uso, jibu umeshapata.

Hatua ya 8. Fisi. Jua likizama, nje ya ukuta, wapo watu wanaowaita na kuwalisha nyama. Nenda na mwenyeji, lipa mlivyokubaliana, fuata anachokwambia.

MASWALI

Mwanachama, Kisumu: Viza ni pesa ngapi?

Jibu: Hatua ya 1.

Mwanachama, Eldoret: Yaani unatuambia tusitumie ramani? Mtu akipotea je?

Jibu: Nimesema simu ikae mfukoni, sijasema uiache hotelini. Ukipotea, shuka au panda. Imeandikwa hatua ya 6.

Mwanachama, Nakuru: Nipe jumla ya gharama zote.

Jibu: Sitakupa. Birr, pesa ya Ethiopia, ilishuka sana kuanzia Julai 2024, na bei nilizolipa mimi zitakudanganya. Uliza hoteli na shirika la ndege wiki unayopanga.

Mwalimu, Bungoma: Ahsante kwa somo, ndugu. Kwenye picha ya sebule nimeona majukwaa mekundu. Rangi ile ina maana?

Jibu: Mwalimu, ahsante kwa kuitazama vizuri. Nyumba ya Kiharari ina majukwaa matano ya kuketi, kila moja na kimo chake, na mtu hukaa kulingana na heshima yake. Wenyeji waliniambia wekundu ule ni kumbukumbu ya damu iliyomwagika kwenye vita vya Chelenqo mwaka 1887, jeshi la mfalme Menelik liliposhinda na mji ukapoteza uhuru wake. Ukutani juu ya majukwaa hutundikwa vikapu vilivyosukwa na wanawake wa nyumba. Keti unapoonyeshwa.

Mama mshonaji, Kisumu: Nimesikia kuna mtaa wa mafundi cherehani. Ni kweli?

Jibu: Kweli, mama. Unaitwa Makina Girgir, kwa sababu ya mlio wa cherehani zenyewe. Mafundi wamekaa mlangoni, vitambaa vimetundikwa nyuma yao. Chukua vipimo vyako na gauni moja la mfano. Ukipeleka asubuhi, zungukazunguka, utarudi kuchukua.

Mwanachama, Njoro: Viatu gani?

Mwanachama, Nakuru (mwingine): Soli ya mpira yenye meno. Mawe yale yamesuguliwa na nyayo, mvua ikinyesha yanateleza. Jizoezeni kwanza kupanda Menengai.

Mwalimu, Bungoma: Swali la mwisho. Sisi huku chini ya Elgon ni wakulima wa kahawa. Ni kweli wanakunywa hata maganda?

Jibu: Kweli, na niliyanywa. Kahawa ya Harar hukaushwa juani na tunda lake zima, kwa hiyo ganda hutoka likiwa kavu na safi, nao hulichemsha. Kinywaji ni chepesi, kina utamu wa mbali. Yetu kiwandani humenywa ikiwa mbichi na maganda huishia shimoni. Lakini ile mbuni mnayoanika nyumbani na kuuza kwa bei ya chini ni kahawa iliyokaushwa kwa njia ile ile ya Harar. Mkikoboa, wekeni maganda ya konzi moja kando, myachemshe, kisha mwalimu uniandikie yameonjaje.