Jinsi ya kuwafundisha nyuki harufu ya ua kabla hawajalitembelea

Nyuki hasubiri kufika shambani ndipo ajue harufu ya chakula. Mara nyingi huipokea mzingani, mdomoni mwa mwenzake. Karl von Frisch, mwanasayansi wa Austria aliyechunguza nyuki, aliitumia tabia hii kuwaelekeza nyuki kwenye mazao. Mimi huitumia kwa alizeti.

Hatua ya 1. Yeyusha kilo moja ya sukari katika lita moja ya maji ya moto, kisha yaache yapoe kabisa. Mara ya kwanza nilitia maua maji yangali moto, harufu yote ikapaa na mvuke.

Hatua ya 2. Loweka humo maua ya alizeti yaliyochanua siku hiyo, yasiyopuliziwa dawa. Funika kwa saa 4, uchuje.

Hatua ya 3. Ondoa kwanza masega ya asali utakayovuna, maana sukari hii isichanganyike nayo. Jioni, nyuki wachumaji (wanaotoka kutafuta chakula) wakisharudi, weka nusu lita kwenye chombo cha kulishia ndani ya mzinga. Usilishe mchana wala nje: nyuki wa mizinga mingine watakuja kupora.

Hatua ya 4. Kama mzinga wako una kioo, kaa utazame. Aliyeshiba hufungua mataya, tone likajitokeza. Mwenzake hunyoosha ulimi akalinyonya, huku vipapasio vyao vikigusana bila kutulia. Hapo ndipo anapojifunza, kwa kuwa harufu na utamu humfikia kwa pamoja. Naye atampa mwingine. Katika jaribio lililochapishwa Uingereza mwaka 1952, nyuki 6 tu walilishwa sukari yenye mionzi, ili ijulikane imefika kwa nani. Baada ya siku moja, zaidi ya nusu ya wachumaji wa kundi hilo walikuwa nayo. Ndiyo maana nusu lita inatosha kabisa.

Hatua ya 5. Rudia jioni mbili zaidi, alizeti zikianza kufunguka.

Hatua ya 6. Pima. Andaa visahani viwili vya maji ya sukari yasiyo na harufu. Chini ya kimoja weka petali za alizeti, chini ya kingine petali za ua tofauti. Kwa dakika 10 hesabu wanaotua kila upande. Kisha badilisha visahani vipya na uhamishe petali, kwa sababu nyuki hukumbuka mahali na huacha harufu yao walipokunywa. Wakizifuata alizeti upande wa pili, wamejifunza. Ondoa visahani mara moja, wasije wakavizoea na kuyaacha maua.