Kabla hujamwambia mkimbizi "nitakuulizia"

Mtu wa Dar akikwambia "nitakuulizia", unamwelewa. Ni hapana iliyovikwa kanzu. Unashukuru, unaondoka, humtafuti tena. Mimi nililitamka neno hilo bila kufikiri mbele ya kijana wa Kikongo tuliyekuwa tukikutana kila Jumamosi maktaba, pale Bibi Titi. Alitaka kujua kama vyeti vyake vya Kifaransa vinaweza kumwingiza chuo hapa. Jumamosi iliyofuata alikuja na bahasha ya kaki, vyeti vyote vimo ndani, kila kimoja kwenye nailoni yake. Akaiweka mezani katikati yetu, akanyamaza. Jumamosi ya pili, bahasha ileile. Ya tatu ndipo nilipong'amua kwamba anangoja jibu ambalo sikuwahi hata kulitafuta.

Kwa hiyo, kama unafikiria kujitolea kuwa mlezi wa mkimbizi au mwomba hifadhi (mlezi wa kumwongoza, si wa kumlisha na kumvisha), anza kujiandaa mdomoni. "Tutaona", "usijali", "nitakucheki" ni mafuta ya mazungumzo yetu, ila mtu ambaye miaka yake imepita akingoja majibu ya ofisi huyachukua kama yalivyo. Ahidi kidogo na utaje siku: "Jumanne saa kumi nakupigia, nimepata au sijapata." Kisha piga kweli, hata kama hujapata.

La pili ni sheria, na hapa usikisie. Mkimbizi ameshatambuliwa, mwomba hifadhi ombi lake bado linaamuliwa. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inawataka wote wawili wakae maeneo yaliyotengwa, ndiyo maana walio wengi wako mkoani Kigoma, kwenye kambi kama Nyarugusu. Aliyeko Dar anatakiwa awe na kibali, na kibali kina tarehe ya mwisho. Ifahamu tarehe hiyo kabla hujapanga naye mambo ya miezi sita. Vivyo hivyo kazi: usimtafutie kibarua kwa mshikaji wako Kariakoo kabla ya kuuliza habari za kibali cha kazi, maana msala ukitokea utamwangukia yeye kwanza.

Kesi yake ya hifadhi usiitie mkono kabisa. Ukimfundisha "sema hivi kwenye mahojiano", maelezo yake yakipishana na aliyoyatoa mwanzo ataonekana mwongo. Maswali hayo yana wenyewe: Idara ya Huduma kwa Wakimbizi, UNHCR (shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi), na mawakili wa msaada wa kisheria.

Unapoweza kumfaa hasa ni kwenye mambo ambayo wewe mwenyeji unayaona madogo. Ile bahasha, kwa mfano. Wengi waliosomea kambini wamesoma mtaala wa nchi walikotoka, kwa hiyo Mkongo au Mrundi huja na cheti cha Kifaransa ambacho karani wa udahili hajui akiweke wapi. Cheti cha sekondari cha nje hupelekwa Baraza la Mitihani, NECTA, kikalinganishwe na vya kwetu. Cha chuo kikuu ni kazi ya Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Jibu zima lilikuwa hilo. Lingenichukua asubuhi moja kulipata, nami nilimweka kijana wa watu wiki tatu.

Jiandae pia na Kiswahili chake. Atasema "batoto" na "minaenda", na ulimi wako wa Kidar utawasha kumsahihisha au kucheka. Uzuie. Hicho ni Kiswahili kamili cha kwao, na kama anataka cha kwetu kwa ajili ya usaili atakwambia mwenyewe. Tena Kiswahili kikimtoka vizuri usidhani na fomu ya Kiingereza ataielewa. Kaeni muisome pamoja, mstari kwa mstari.

Yaliyomkuta huko alikotoka usimchimbe. Ongeeni mpira, bei ya unga, namna ya kubadilisha basi la mwendokasi pale Kimara. Akitaka kusimulia, sikiliza, na lisitoke hapo. Picha zake usiweke status, hata za mgongoni. Hujui nani anamtafuta.

Pesa ndiyo itakayokusumbua zaidi, kwa sababu sisi mgeni hatumwachi na njaa. Kubaliana mapema na shirika linalokuunganisha naye: nauli nani analipa, chai nani ananunua, na akiomba mkopo unajibu nini. Soda mnunulie, mkopo usimpe. Akishindwa kulipa ataona haya kuja, na utakuwa umempoteza kwa elfu ishirini. Shirika lenyewe huenda likakudai barua ya serikali ya mtaa na wadhamini, hivyo vitafute mapema.

Halafu kuna kuachana, jambo ambalo hatulipangi. Kibali chake kinaweza kuisha arudi Kigoma, au akapata nafasi ya kuhamishiwa nchi ya tatu, isiyo kwao wala hapa. Wewe nawe unaweza kupata uhamisho. Kama unahamia Dodoma mwezi wa saba, mwambie mwezi wa tano, na Jumamosi ya mwisho nenda na huyo atakayeshika nafasi yako, wakae meza moja wakati bado upo.