Mkigombania nyumba ya marehemu, anzeni na hati

Msiitishe kikao cha familia kabla mtu hajaishika hati ya nyumba na kuisoma mpaka mwisho. Nimesimamia mirathi ya baba yetu, baadaye ya shangazi, na kote nilianzia hapo: limeandikwa jina la nani? Sote tulikuwa tukisema "nyumba ya baba". Hati ikaonyesha ni ya baba na mama, kila mmoja na nusu yake. Hesabu ikabadilika palepale, maana mama yu hai na nusu yake si urithi wa mtu. Angalieni pia aina ya umiliki. Upo ule ambao mmoja akifa, aliyebaki anachukua yote. Na upo wa hisa, ambapo hisa ya marehemu ndiyo inayoingia kwenye mirathi. Kisha ulizieni kama nyumba ina rehani. Deni humtangulia mrithi.

Msimamizi wa mirathi ateuliwe kisheria, na kila mtu aelewe kazi yake: anakusanya mali, analipa madeni, anagawa. Nyumba haiwi yake kwa kuteuliwa, wala kwa kuwa mkubwa, wala kwa kukaa na funguo. (Mwenye funguo ndiye husahau haraka zaidi.)

Sasa penye moto. Ukisikiliza vizuri, ndugu wanaogombana huwa wanazungumzia mambo matatu kwa mkupuo: nani anamiliki, nani anakaa, na nani aligharimia. Mdogo wangu wa kiume alikaa na baba hadi mwisho, akamuuguza, akaezeka paa upya. Akasema nyumba ni yake. Dada zangu wakamwita mwizi. Nilichukua karatasi nikaichora safu tatu. Kwenye umiliki aliandikwa sawa na sisi wengine. Kukaa ndani hakukumwongezea hisa. Kwenye gharama tukamwomba risiti za mabati, mbao na fundi, tukakubaliana arudishiwe kabla ya kugawana. Lakini tangu baba afariki alikaa bila kulipa pango, naye akakubali lihesabiwe na kupunguzwa humo. Kumuuguza baba hatukukutia bei. Tukampa nafasi ya kwanza ya kuinunua nyumba, na hilo ndilo lililomtuliza kuliko fedha.

Hisa zenyewe hufuata wosia kama upo na ni halali. Kama haupo, sheria inayoitawala familia yenu. Msikisie. Kwa mirathi ya Kiislamu, mfano, marehemu aliyeacha mke, wana wawili na mabinti watatu, bila wazazi walio hai, urithi wake hugawanywa mafungu 8 baada ya madeni na wosia: mke 1, kila binti 1, kila mwana 2. Ukiwa na hesabu kama hiyo mezani, sauti hushuka.

Bei isitajwe na anayetaka kununua wala anayetaka kuuza. Leteni wathamini wawili wasiojuana na familia, mchukue wastani. Anayebaki na nyumba awalipe wenzake hisa zao kwa tarehe iliyoandikwa; ikipita, nyumba iuzwe. Bila tarehe, mtangoja miaka. Mkiamua kupangisha, fungueni akaunti ya peke yake, kodi na matengenezo vipitie humo, na taarifa ya akaunti ionwe na wote, hata aliye mbali.

Wengi huchagua kuiacha "ya familia". Naogopa sana njia hiyo. Ndugu mmoja akifa, hisa yake inaenda kwa mke au mume na watoto wake, na baada ya kizazi kimoja mnahitaji saini za watu ambao hawajawahi hata kulala humo. Kama lazima ibaki, andikeni nani anatunza, nani analipa kodi za serikali, na mtu akitaka kutoka anatokaje.

Mkishindwa kusikilizana, tafuteni msuluhishi asiye ndugu kabla ya kesi. Mahakama inaweza kuamuru nyumba iuzwe, na gharama za mawakili zitamega mafungu yenu.

Mkishaafikiana, andikeni, wote watie saini mbele ya mashahidi, kisha hati ibadilishwe jina. Makubaliano bila hati mpya hayajamaliza kazi. Nakala apewe kila mrithi, pamoja na yule aliyesusa kikao.