Mjukuu aanze na upepo, si bunduki

Kwa familia zinazowinda kulungu pamoja kule Wisconsin, Marekani, ambako msimu wa bunduki wa siku 9 huanza Jumamosi ya kabla ya sikukuu ya Shukrani (Thanksgiving) ya mwezi Novemba: mpe mtoto kichupa cha unga laini kwanza. Akibonyeze kidogo, atazame unga unapeperukia wapi. Kulungu humnusa mtu kutoka mbali, kwa hiyo kaeni mahali ambapo upepo unawapiga usoni kutoka upande mnaotarajia atokee. Hapa babu ndiye mwalimu hasa. Yeye anajua ni bonde gani huzungusha upepo jioni, na hilo halimo kwenye ramani yoyote.

Nguo za rangi ya chungwa au waridi inayong'aa ni sheria. Msihofu, kulungu haoni chungwa kama tuionavyo sisi. Mtoto asiye na cheti cha mafunzo ya uwindaji atakaposhika bunduki, msimamizi lazima awe karibu kiasi cha kumfikia kwa mkono. Kukokota mnyama wafanye vijana. Babu mwenye leseni akae ubavuni mwa mtoto.