Ramani tatu za tekscha, filta moja
Kama una ramani za tekscha za kijivu (picha zinazoiambia programu ya 3D uso wa kitu ukoje) za saizi moja, mfano rafunesi (ukwaruzo), metaliki (wapi ni chuma) na oklusheni (vivuli vya kwenye mianya), usizipige filta moja moja. Kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha, tumia Compose uziunganishe ziwe picha moja ya RGB (chaneli tatu: nyekundu, kijani na bluu), kila ramani kwenye chaneli yake, piga Gaussian Blur (filta ya kufifisha picha) mara moja halafu Decompose uzitenganishe tena. Inakubali kwa sababu filta hiyo inahesabu kila chaneli kivyake, nyekundu haina habari na kijani. Ila filta za kugeuza rangi au saturesheni zinachanganya chaneli, hapo umeharibu zote tatu kwa mpigo, na JPEG ndo usiguse kabisa, inabana rangi mpaka ramani moja inavujia nyingine, sevu PNG tu.