Geji inasoma sawa lakini manifoldi inaungua: jinsi ya kukagua ekzosi ya injini ya boti

Hii ni kwa wenye boti za injini ya ndani, zile dizeli zinazofungwa katikati ya jahazi au boti ya mizigo na moshi wake unatoka nyuma pamoja na maji. Siongelei mashine za kuning'iniza nyuma, hizo zina mambo yake.

Mwenzenu nilikuwa naamini geji ya joto. Siku moja tumetoka Nyamisati tunaenda Kilindoni kisiwani Mafia, mzigo umejaa, geji imetulia kwenye nyuzi 80 kama siku zote, mara tukaanza kusikia harufu ya mpira unaoungua, kufungua kifuniko cha injini tukakuta hozi ya ekzosi imelainika pale inapoungana na kiwiko, ile kona ya chuma ambayo moshi unapita kutoka kwenye injini, ukiigusa na bisibisi inabonyea. Geji bado inasoma 80! Tungechelewa kidogo hozi ingepasuka, maji ya bahari na moshi vyote vingeingia ndani ya boti, na ule moshi una kaboni monoksaidi ambayo huioni wala huisikii harufu na inaua watu waliolala kule chini.

Sababu ya geji kunyamaza ni hii. Injini nyingi za siku hizi zina maji ya aina mbili, maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, yanayozunguka ndani ya injini na maji ya bahari yanayoyapooza hayo kwenye kipoozeo. Sensa ya geji iko upande wa maji ya ndani, karibu na thamostati, ile vali inayotunza joto la maji hayo. Maji ya bahari yakishatoka kwenye kipoozeo ndio yanaenda kwenye kiwiko cha ekzosi kuchanganyika na moshi, kwahiyo kile kiwiko kikianza kuziba kwa kutu na chumvi, maji yanapungua kidogo kidogo, kiwiko kinaungua na geji haina habari kwa sababu haiko huko. Na kuna jambo lingine watu hawalijui, sensa inapima maji, maji yakiisha kabisa sensa inabaki hewani na inaweza kusoma chini wakati chuma kinaiva. Moshi wa dizeli yenye mzigo unafika nyuzi 300 mpaka 500 hivi, wakati hozi ya mpira inataka ibaki chini ya 100. Kinachoiokoa ni yale maji tu.

Anza ukaguzi injini ikiwa baridi, tena asubuhi kabla ya safari. Chukua tochi uangalie manifoldi yote, kile chuma kinachokusanya moshi wa silinda zote, hasa kwenye maungio ya gasketi. Unatafuta michirizi ya kutu, unga mweupe wa chumvi, rangi iliyobabuka au kubadilika kuwa kahawia sehemu moja tu. Unga mweupe maana yake maji ya bahari yanapenya yakikauka yanaacha chumvi, na kama yanapenya nje yanaweza pia kupenya ndani kwenda kwenye silinda. Hapo usiseme nitakaza bolti kesho. Maji yakijaa silinda halafu ukapiga stata, maji hayabanwi kama hewa, kinachopinda ni konrodi, ile fimbo inayoshika pistoni.

Halafu fungua chujio la maji ya bahari. Kwetu huku delta ya Rufiji maji yana tope na majani ya mikoko, mifuko ya nailoni nayo ipo tu japo imepigwa marufuku tangu 2019, chujio linaziba ndani ya safari moja. Ukimaliza angalia impela ya pampu, ile ya mpira. Kama imekatika jino hata moja usibadilishe tu ukaondoka, TAFUTA hilo jino liko wapi, maana limesukumwa mbele na mara nyingi linakwama kwenye mdomo wa kipoozeo au kwenye kona ya bomba, na utaweka impela mpya na injini itaendelea kuchemsha vile vile na utamlaumu fundi bure.

Sasa kupima joto. Nunua kile kipimajoto cha infraredi chenye umbo la bastola, cha mafundi, sio vile vya kupimia homa kwenye paji la uso vilivyojaa madukani 2020, vile vingi havifiki joto la injini. Lenga sehemu yenye rangi au yenye kutu, usilenge chuma kinachong'aa kwa sababu kitakudanganya kwa kusoma chini, kama pote panang'aa paka doa la rangi nyeusi ya kustahimili joto upimie hapo. Sogea karibu, ukipima ukiwa mbali unapima na vitu vya pembeni.

Washa injini, iache kwenye sailensa, yaani mzunguko wa chini kabisa, bila gia dakika kumi na tano, halafu ifunge vizuri na kamba gatini uweke gia, uipe mzigo kiasi, dakika kumi nyingine. Injini isiyo na mzigo haikuonyeshi ukweli, boti nyingi ziko poa kabisa zikiwa zimesimama na zinaungua zikishika mkondo. Hapo pima kwa kufuata njia ya maji: hozi ya maji yanayoingia, ambayo itasoma karibu na joto la bahari, kwetu ni kati ya 25 na 30 kutegemea ni kusi au kaskazi, kisha kipoozeo upande wa kutoka, kisha manifoldi mbele, katikati na nyuma, kisha kiwiko baada ya pale maji yanapoingia, halafu hozi ya mpira yenyewe. Mikono na nguo mbali na mikanda tafadhali, kanga na mikono mirefu ya shati ndio vinavuta watu.

Namba zenyewe zinasemaje? Manifoldi inayopoozwa na maji ya ndani itakaa karibu na joto la thamostati, 70 mpaka 85 hivi. Injini za kizamani zinazopoozwa na maji ya bahari moja kwa moja zinatakiwa ziwe chini zaidi, karibu 60, kwa sababu maji ya chumvi yakizidi hapo chumvi inaanza kuganda ndani ya njia kwa kasi. Kiwiko baada ya maji na ile hozi, mimi napenda nione 40 mpaka 60. Kikifika 80 naanza kutafuta sababu, kikifika 90 nazima. Ila kikubwa zaidi ya namba ni tofauti: ukienda kwenye manifoldi mbele 72, katikati 74, nyuma 98, basi jibu umelipata, pale nyuma njia ya maji imeziba. Injini ya V yenye manifoldi mbili linganisha kulia na kushoto, zikipishana zaidi ya nyuzi kumi upande mmoja una shida.

Kama huna kipimajoto mkono bado ni kipimo, sehemu yenye maji ya bahari, yaani kiwiko baada ya maji na hozi yake, unatakiwa uweze kuigusa, ukishindwa kuacha kiganja sekunde mbili imeshapita 60. Anza na kugusa haraka kwa nyuma ya vidole, usianze kwa kubandika kiganja. Tone la maji likichemka na kuruka juu ya chuma hapo umepita 100.

Kipimo kingine cha bure ni ndoo. Kinga maji ya ekzosi kwa nyuma kwa dakika moja injini ikiwa sailensa, pima lita, andika. Fanya hivyo injini ikiwa nzima, ili siku ikishuka ujue. Mimi naandika kwa maka pen ndani ya kifuniko cha injini, tarehe, lita, na joto la kila sehemu, daftari huwa linalowa. Mvuke mweupe mzito pamoja na maji machache nyuma ni dalili hiyo hiyo.

Ukishaona dalili, subiri bamvua upandishe boti, fungua kiwiko kikiwa baridi. Bolti zake zimekula chumvi, zipulizie mafuta ya kulainisha usiku mzima, zikikatikia ndani kazi inakuwa kubwa mara tatu. Chungulia tundu la maji, mara nyingi utakuta limebaki kama penseli na masizi yameganda upande wa moshi. Kwangua, gonga taratibu, halafu ziba matundu ya chini ujaze maji kwenye njia ya maji ulaze mpaka asubuhi. Yakipungua, au upande wa moshi ukikuta unyevu, hicho chuma kimeisha. Wapo watakaokwambia kichomelewe, mimi siwezi kukubali, chuma cha kumimina kilicholiwa na chumvi ukichomelea leo kitapasuka pembeni ya weldi, na kwa maji ya chumvi miaka mitano hivi kwa kiwiko ni umri wa kutosha.

Na ikikukuta katikati ya maji: punguza moto, yaani mzunguko wa injini, kwanza, angalia nyuma kama maji yanatoka. Yanatoka, iache sailensa ipoe polepole. Hayatoki, zima, tia nanga au pandisha tanga. Usimwagie manifoldi maji ya bahari hata kama inatisha, inaweza kupasuka papo hapo, na usifungue kifuniko cha maji ya ndani. Watoe watu wote kule chini wakae juu kwenye hewa, subiri chuma kishikike na mkono ndipo ubadilishe impela au uzibue chujio, na ukiwasha tena mtu mmoja abaki anaangalia hozi mpaka mfike.